Nikifuata Maji ya Chumvi: Siku Saba kutoka Uvinza hadi Mdomo wa Malagarasi

Safari hii niliifanya mwezi wa nane, likizo ya shule. Ndiyo kwanza napata nafasi ya kuiandika, nikiunganisha daftari lililoloa kurasa mbili na picha za simu.

Chanzo chake ni swali kuhusu Uvinza, mji wa chumvi mkoani Kigoma, Tanzania. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza darasani: "Mwalimu, Uvinza maji ya chumvi yanatoka ardhini kila siku, yanaingia mtoni, mto unaingia Ziwa Tanganyika. Ile chumvi inakwenda wapi?" Nikamjibu inachanganyika. Jibu si la uongo, lakini lilinikosesha usingizi, kwa sababu neno hilo moja linaruka kazi yote. Inachanganyika wapi? Nani anaikoroga? Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu, na kitu kizito hakikubali kuinuliwa bure. Nikaamua kwenda kuangalia kwa macho.

Siku ya 1, Jumatatu. Tabora, kisha treni ya usiku

Asubuhi nilichukua tangi la kioo kwa fundi vioo. Nilimwagiza urefu wa sentimita 60, upana 10, kimo 25, limegandishwa kwa silikoni. Bei 25,000. Watu wa maabara hutumia mifereji mirefu ya kioo kutazama maji ya chumvi yakipita ndani ya maji matamu. Langu ni dogo, lakini linatosha kuona mkondo ukitembea. Kwenye begi niliweka wino wa bluu, mipira miwili ya dripu kutoka duka la dawa, kibao chembamba, rula na kipimajoto cha maabara ya shule.

Ndani ya behewa, mama mmoja aliyekuwa akienda Kigoma kumwona mjukuu aliniona nimelipakata tangi kama mtoto. Akanyoosha mkono, akatoa kanga mbili kwenye furushi lake, akalifunga yeye mwenyewe. "Lala baba, mimi sina usingizi, nitaliangalia." Urambo na Kaliua zilipita gizani. Nguruka tulisimama saa mbili tukisubiri treni ya mizigo ipite, tukanunua samaki wa kukaanga dirishani. Mara behewa likatikisika kwa kishindo, tangi likapata ufa kwenye kona moja, chini kabisa. Yule mama aliumia moyo kuliko mimi.

*Kwa atakayekwenda: ukiteremka Uvinza beba chenji ndogondogo na maji ya kunywa. Na kama umebeba kioo, kilaze chini, usikiweke kwenye kichanja.*

Siku ya 2, Jumanne. Uvinza

Chumba cha gesti 15,000, safi, maji ya ndoo. Kabla ya chai nilitafuta wa kuziba ufa. Nilielekezwa kwa mzee fundi baiskeli chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akalitazama tangi muda mrefu. Akakwangua kona kwa wembe, akapaka solusheni, akasubiri ikauke kidogo, akabandika kipande cha tyubu kwa ndani na kingine kwa nje, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka jasho likamtoka. Nilipouliza bei alisema, "Likishika, utanilipa kwa kuja kunionyesha hicho unachokitafuta."

Lilishika. Linashika mpaka leo.

Uvinza imekula chumvi yake kwa zaidi ya miaka 1,000. Mabaki ya kazi hiyo yamechimbuliwa hapa na wanaakiolojia. Burton na Speke, wavumbuzi wa Kiingereza, walipopita nchi hii mwaka 1858, chumvi ya Uvinza ilikuwa tayari bidhaa ya njia kuu. Zamani watu walikuja kiangazi kutoka Uha, nchi ya Waha, na mbali zaidi, wakachemsha maji ya chumvi kwenye vyungu, kwa sababu masika mto huzifunika chemchemi. Ukielewa jambo hilo moja, umeanza kuelewa safari yangu: miezi kadhaa kila mwaka, mto na chumvi vinakutana sakafuni mwa mto bila mtu kuviangalia.

Mchana nilikwenda kwenye mabwawa ya kukaushia chumvi na barua ya utambulisho kutoka shuleni. Getini walinisikiliza kwa heshima, wakanipa kijana wa kunitembeza. Weupe wa chumvi unaumiza macho. Tulichota lita tano za maji yaliyokwisha kukaa juani siku kadhaa. Kijana akaniambia nitafute yai bichi. Tukalitia kwenye ndoo: yai likashuka kidogo, likarudi, likasimama likiwa limetoa kipara juu ya maji, upana wa sarafu. "Likielea hivyo, maji yameiva," alisema. Kwenye maji ya mto, yai hilohilo lilizama mpaka chini.

*Kwa atakayekwenda: anzia ofisi ya kijiji, uende na barua, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Vaa viatu vya kufunika. Maji ya chumvi kwenye mchubuko hayana huruma.*

Siku ya 3, Jumatano. Ukingoni mwa Ruchugi

Siku hii ndiyo moyo wa safari, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mto Ruchugi unaungana na Mto Malagarasi hapa Uvinza. Asubuhi mapema, pamoja na yule kijana (alikuwa zamu ya jioni, akakataa niende peke yangu kwa sababu ya mamba), tulifika sehemu ambapo maji ya chumvi huvuja mchangani, mchirizi mwembamba kama kamba ya kiatu, ukiingia kwenye kidimbwi kilichotulia pembeni mwa mto. Kwa mbali huoni kitu. Nilipochuchumaa na kusogeza uso, nikaona maji yanacheza, kama hewa inavyocheza juu ya bati la moto. Ni mwanga unaopinda kwa sababu maji mazito na mepesi yanapita pamoja bila kukubaliana. Mchezo huo haukuenea kidimbwi kizima. Ulishuka ukingoni, ukalala chini, ukafuata mteremko wa mchanga kuelekea kwenye kina. Juu yake, visamaki viliogelea kwenye maji matamu kama vile hakuna kinachopita.

Tukarudi chini ya mwembe. Nililijaza tangi maji ya Ruchugi yaliyotuama, nikaegemeza kibao ndani kiwe mteremko, nikatia wino kwenye maji ya chumvi, nikayateremsha kwa mpira wa dripu. Fundi aliacha baiskeli ya mtu imegeuzwa magurudumu juu, akaja kupiga magoti.

Mkondo una kichwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokisema yeye kabla yangu: "Una kichwa kama kambale." Mbele umevimba, nyuma mwembamba, na pua yake imeinuka kidogo kutoka kwenye kibao, kwa sababu chini unasuguana na kibao na unapita juu ya maji matamu kidogo unayoyameza. Ukitazama kwa mbele, pua si mstari mnyoofu. Imegawanyika kama vidole vya mguu, na katikati ya vidole maji matamu yanaingia. Nyuma ya kichwa, mgongoni, mpaka wa bluu na maji meupe ulikuwa unajikunja: wimbi dogo linainuka, linainama mbele, linajiviringa, linapasuka kuwa ukungu wa bluu. Kisha jingine. Wanafizikia huyaita mawimbi ya Kelvin na Helmholtz. Hapo ndipo penye kukoroga. Hakuna mwiko wala upepo. Tofauti ya mwendo kati ya maji yanayoshuka na maji yaliyotulia ndiyo inayovuruga mpaka.

Kisha nikabadilisha mteremko. Nilipoinua kibao kwa jiwe, mkondo ulikimbia, ukavimba, ukameza maji mengi, ukafika chini umepauka kama maji ya kufulia. Nilipokilaza kibao karibu sawa na sakafu, mkondo ulitambaa mwembamba, bluu iliyokolea, mpaka wake laini kama umekatwa kwa wembe. Chumvi ileile, mpira uleule. Mwaka 1959 wanasayansi Ellison na Turner walichapisha majaribio ya aina hii, maji ya chumvi kwenye mfereji uliolala kwa pembe mbalimbali, wakaonyesha kwamba kadiri mteremko unavyopungua ndivyo mkondo unavyoshindwa kumeza maji ya juu yake.

Nilikuwa nimelisoma hilo miaka mingi, lakini kulielewa nimelielewa chini ya mwembe: uzito unaoyasukuma maji ya chumvi yaende mbele ndio huohuo unaoyakataza kuchanganyika. Mwendo unataka kuyavuruga matabaka, uzito unataka kuyatenganisha. Kuna kipimo cha ugomvi huo, namba ya Richardson, kinachogawanya nguvu ya kutenganisha kwa nguvu ya kuvuruga. Kikibaki juu ya robo kila mahali kwenye mpaka, mawimbi madogo hayawezi kukua. Kikishuka chini ya robo, mpaka una nafasi ya kujikunja na kupasuka.

Tangi niliacha usiku kucha kwenye meza ya gesti. Asubuhi tabaka la bluu lilikuwa bado limelala chini. Mpaka uliokuwa mwembamba ulikuwa umenenepa kama sentimita moja, basi. Chumvi isipopata msukosuko hutembea kwa taabu mno. Ingesubiriwa ipande yenyewe, ziwa lenye kina lingehitaji umri wa milima. Kwa hiyo jibu nililompa mwanafunzi lilikuwa limekosa mtendaji. Chumvi haichanganyiki. Inachanganywa, na anayeichanganya ni msukosuko.

*Kwa atakayerudia jaribio: acha maji ya mto yatuame masaa matatu, na hakikisha maji yote mawili yana joto moja. Mara ya kwanza maji yangu ya chumvi yalikuwa yametoka juani na yakanipotosha.*

Siku ya 4, Alhamisi. Uvinza hadi Kigoma

Noah, 8,000, lami nzuri, zaidi kidogo ya kilomita 100. Pancha moja karibu na Kidahwe, spea nayo haikuwa na upepo, tukakaa saa na nusu. Mama muuza ndizi alitusogezea benchi kivulini na hakutuuzia kitu mpaka tulipoomba.

Siku ya 5, Ijumaa. Kigoma, mwalo wa Kibirizi

Alfajiri dagaa walikuwa wakianikwa na mashua za usiku zikiingia. Nilikula ugali na mgebuka uliopikwa kwa mawese, 4,000, kisha nikakaa kwenye mchanga na tangi langu huku watoto wamenizunguka.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Juu maji yana joto la nyuzi 25 hadi 27, chini kabisa ni kama 23 na kitu, na tofauti hiyo ndogo inatosha kulifungia tabaka la chini. Chini ya mita 100 hadi 200, kutegemea upande wa ziwa, hakuna oksijeni. Kwa hiyo swali la mkondo unaozama si la darasani tu. Mkondo ukifika chini kabla haujamezwa, unabeba oksijeni, tope na chumvi kwenda kusikofikika. Ukimeza maji mengi mapema, unaishia njiani.

Hilo la kuishia njiani niliwaonyesha watoto. Niliweka tabaka la maji ya Uvinza chini, maji ya ziwa juu, kisha nikateremsha maji ya chumvi nusu kwa nusu yenye wino. Yalishuka kwenye kibao kwa bidii mpaka kwenye mpaka, yakakuta chini yake kuna yaliyo mazito zaidi, yakaachana na mteremko, yakatoka kwa ulalo kama droo inayovutwa. Binti mdogo alipiga kelele, "Yamepata chumba chao!" Sijawahi kusikia maelezo bora ya jambo hili.

Mto unaoliletea Ziwa Tanganyika maji yenye chumvi kuliko ya kwake lenyewe ni Ruzizi, kaskazini, unaotoka Ziwa Kivu na kuingia karibu na Bujumbura. Kivu kipo juu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na chini yake zinaingia chemchemi za chumvi. Maji yake ya juu yana chumvi karibu mara mbili ya Tanganyika, zaidi kwa kama nusu gramu katika kila lita. Nusu gramu ni kama unachokibana kwa vidole viwili tu, lakini inayaongezea maji uzito sawa na kuyapoza kwa nyuzi moja na nusu. Kwa ziwa ambalo juu na chini vinatofautiana nyuzi mbili tatu, huo ni uzito wa kuheshimiwa.

Na ndani ya Kivu kwenyewe, chumvi na joto vyote viko chini. Joto hupenya maji haraka kama mara 100 kuliko chumvi inavyopenya, basi maji hayo yamejipanga ngazi kwa ngazi, mamia ya matabaka membamba, kila moja limekorogwa ndani yake na kutengwa na jirani yake kwa mpaka mkali. Ningetamani kuiona kwa macho, lakini ngazi hizo huonekana kwa vipimo vinavyoshushwa kwa kamba tu.

Siku ya 6, Jumamosi. Ilagala na mdomo wa Malagarasi

Pikipiki kutoka mjini, nikafika nina vumbi mpaka kwenye kope. Mzee mvuvi niliyeunganishwa naye alikubali kunipeleka kwa mtumbwi, 30,000 pamoja na kijana wa kasia la pili. Aliniwekea masharti mawili: tuondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, jambo ambalo siku hiyohiyo lisingewezekana, kwa hiyo nilale kwake, na nisitie mkono majini. Mkewe alinitandikia mkeka, akanipa uji kabla ya jua la Jumapili kuchomoza. Kwa hiyo sehemu hii, kwa haki, ni siku ya saba.

Tulipofika mdomoni maji ya mto, rangi ya chai ya maziwa, yalikuwa yanakwenda mbele mita kadhaa ndani ya bluu ya ziwa, halafu yanakatika. Hayafifii, yanakatika. Kwenye mstari huo kulikuwa na povu, vipande vya mafunjo, majani makavu na gome la mti, vyote vimejipanga vikizungukazunguka mahali pamoja. Vinavyoelea vimebaki, maji yaliyovibeba yamepita chini. Kutoka upande wa pili, maji ya ziwa yalikuwa yanakuja taratibu kuelekea mstari uleule, yakivutwa na mto unaozama. Mtumbwi wenyewe ulisogea kwenye mstari bila kasia.

Nilishusha kipimajoto kwa uzi pande zote mbili. Upande wa mto ulikuwa na ubaridi zaidi, kwa zaidi ya nyuzi mbili. Niliyachemsha maji ya mto baadaye na kuyaonja: hakuna chumvi ulimini. Chumvi ya Uvinza ilikuwa imekwisha kukorogwa njiani, kwenye mawe na maporomoko ya Malagarasi. Hapa aliyekuwa akiyazamisha maji ni ubaridi wa usiku na tope. Kanuni ni ileile. Gramu moja ya tope kwa lita huongeza uzito wa gramu 0.6 hivi.

"Asubuhi mto unapiga mbizi," mzee alisema. "Mchana unatandika mkeka juu." Tulikaa mpaka saa saba. Mstari ulilegea, povu likatawanyika, na hudhurungi ikaenea juu ya bluu, nyembamba, ikielekea kaskazini. Jua lilikuwa limeyapasha maji ya mto. Ninazo picha mbili, sehemu moja, masaa sita kati yake, na wanafunzi wangu wamezibandika ukutani.

Nilimuuliza kama wavuvi wanautumia mstari ule. Akasema nyavu zikitegwa upande wa ziwa zinavutwa, zikitegwa upande wa mto zinajaa takataka, kwa hiyo mtu mwenye akili hutega mahali ambapo kamba ya kuelea inasimama yenyewe. Alikuwa ameeleza mahali mikondo miwili inapokutana bila kutaja neno hata moja la vitabuni.

*Kwa atakayekwenda: lala Ilagala, uingie mtoni kabla ya jua. Usikubali mtumbwi mdogo, na mwache mwenyeji achague njia. Kuna viboko pia. Lipa kwanza nusu, nyingine mkirudi.*

Kurudi

Treni kwa treni, Tabora. Uvinza niliteremka nusu siku kulipa deni langu chini ya mwembe. Fundi alitazama picha ya mstari wa povu, akaikuza kwa vidole, akauliza kichwa kiko wapi. Nikamwambia kiko chini, hakionekani. Akarudisha simu, akasema, "Basi bado hujanilipa."

Wiki iliyopita mvua zimeanza upande ule. Jana jioni mzee wa Ilagala amenipigia simu. Mto umejaa, mwekundu kama udongo wa kufyatulia tofali, na povu limesimama mdomoni tangu alfajiri mpaka jua linazama. "Haupandi tena juu, mwalimu. Unapiga mbizi mchana kutwa. Lile tangi bado unalo?"